Mzigo wako wa nyumbani umekwama njiani? Anza kutafuta tatizo Kigoma, sio bandarini

Watu wengi wa huku Kigoma wanaohamia nje, iwe Kanada, Uingereza, Marekani au Ujerumani, wakishasikia bei ya kampuni za kuhamisha watu mlango kwa mlango wanashtuka na kuamua kujipangia wenyewe, na sio uamuzi mbaya maana hela inayobaki mfukoni inaonekana. Shida ni kwamba mzigo ukileta matata unayaleta ukiwa mbali, Salalah huko Oman, au Felixstowe ya Uingereza, au Montreal, na mtu anaanza kugombana na wakala wa kule wakati kosa lilifanyika sebuleni kwake Mwanga siku ya kufunga maboksi. Ndo maana mwongozo huu nimeupanga kwa dalili. Unaona nini, af tunarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka tukipate chanzo. Watu wa Tabora nanyi mmo humu humu, tofauti yetu ni kwamba nyie mko karibu kidogo na Dar na mna mninga mwingi zaidi, na huo mninga tutaufikia maana una kesi zake.

Kwanza tuelewane kuhusu njia. Bandari yetu hapa ni ya ziwa, itakupeleka Bujumbura, Uvira, Kalemie au Mpulungu, ikizidi hapo hakuna. Mzigo wa ng'ambo lazima ushuke Dar. Kwa hiyo safari ina vipande vitatu: Kigoma mpaka Dar, Dar mpaka bandari ya kule, bandari ya kule mpaka mlangoni kwako, na kila kipande kina mtu wake na bili yake. Likitokea tatizo lolote usipige simu kwa hasira, jiulize kwanza mzigo uko kipande gani sasa hivi na nani kashika karatasi. Nusu ya makelele ninayoyasikia ni mtu anamfokea wakala wa Dar kwa jambo ambalo liko mikononi mwa mtu wa kule.

DALILI: Bei uliyoambiwa na bei ya Dar hazifanani

Hii ndo inaanza na inawapata karibu wote. Umepiga simu ukasema "nina vitu vya nyumba ya vyumba viwili", wakala akakwambia hizo ni kama sibiemu tano, ukapiga hesabu ukaona inalipika, af mzigo ukifika ghalani Dar unaletewa invoisi ya sibiemu nane na nusu. Unaona umeibiwa. Inawezekana umeibiwa kweli, ila mara nyingi ni kwamba mzigo haukuwahi kupimwa, ulikisiwa tu kwa mdomo.

Sibiemu ni mita za ujazo, urefu mara upana mara kimo, vyote kwa mita. Katoni ya sentimita 60 kwa 40 kwa 40 ni 0.096, yaani katoni kumi za hivyo hazifiki hata sibiemu moja. Sofa la watu watatu lenye urefu wa mita 2.2, kina 0.95 na kimo 0.9 ni karibu 1.9, peke yake linakula nafasi ya katoni kama ishirini. Ukishaona hesabu hiyo utaelewa kwa nini nawaambia watu sofa liuze, tena uza hapa hapa, Mwanga au Gungu mnunuzi hakosekani, hela yake ukanunue lingine kule hata la mtumba. Wanaobeba sofa ni wale ambao hawajashika futi wakapima.

Sasa ujazo unaongezeka wapi? Sehemu ya kwanza ni namna ulivyofunga. Ghalani wanapima pale palipotokeza zaidi, hawapimi wastani, kwa hiyo salfeti la nguo lililotuna katikati linapimwa kwenye tumbo lake, na kiti ulichokifunga na miguu yake kinahesabiwa kama boksi zima pamoja na hewa iliyo katikati ya miguu. Fungua miguu. Kitanda kilaze vipande vipande, kabati litoe milango. Sehemu ya pili ni sanduku la mbao la fundi, na hili wengi hawalijui kabisa. Chukua boksi la mita 1 kwa 0.6 kwa 0.6, hilo ni 0.36. Fundi akiongeza mbao na nafasi ya sentimita 5 kila upande na 5 juu, na chini akaweka miguu ya sentimita 10 ili foklifti iingie, linakuwa 1.1 kwa 0.7 kwa 0.75, ambayo ni karibu 0.58. Umeongeza zaidi ya nusu ya ujazo na ndani hujaongeza hata kijiko.

Halafu kuna uzito. Kwenye meli mzigo wa kuchangia kontena unalipiwa kwa sibiemu au kwa tani, kinachozidi ndicho unacholipia, na vitu vya nyumbani kwa kawaida ujazo ndo unazidi, isipokuwa kama wewe ni mtu wa vitabu au vyuma. Pia uliza kima cha chini, maana wengi wanahesabu kuanzia sibiemu moja hata kama umeleta maboksi manne.

Kwenye ndege hesabu inageuka: zidisha sentimita zote tatu, gawanya kwa 6,000, unapata kilo za ujazo, na hapo pia wanachukua kubwa. Ile katoni yetu ya 60 kwa 40 kwa 40 ni kilo 16 za ujazo, ukiweka nguo za kilo 12 utalipia 16, ukiweka vitabu vya kilo 40 utalipia 40. Kampuni za vifurushi vya haraka huwa wanagawanya kwa 5,000 badala ya 6,000, kwa hiyo katoni hiyo hiyo inakuwa kilo 19.2, na mtu anashangaa kwa nini ofisi mbili zina bei tofauti kwa mzigo ule ule.

Dawa yake: pima kila boksi kabla ya kuomba bei, andika namba ya boksi na vipimo vyake, piga picha futi ikiwa imelazwa juu yake, tuma orodha yote kwa maandishi ndo uombe kwoteshini, yaani bei iliyoandikwa. Dar wakija na namba yao waombe vipimo vya boksi moja moja, wasikupe jumla tu. Ukikuta boksi namba 7 kwako ni 0.1 kwao ni 0.3 hapo una pa kushika. Na ukifika kama sibiemu 14 au 15 omba na bei ya kontena zima la futi 20 ulinganishe, maana ndani lina kama sibiemu 33, ila kwa vitu vya nyumbani ambavyo havipangiki vizuri ingiza akilini 25 mpaka 28.

DALILI: Mzigo umefika Dar, wiki zinapita, hauondoki

Kwanza thibitisha kama umefika kweli. Kutoka Kigoma mpaka Dar kwa reli ya zamani ni kama kilomita 1,250, na wakati wa mvua ile sehemu ya Kilosa hadi Gulwe inajulikana kwa maji kula reli, kwa hiyo mzigo wa behewa unaweza kukaa njiani wewe unadhani uko ghalani. Lori linawahi zaidi ila kuna kushusha na kupandisha, hasa kama mzigo wako umechanganywa na wa wengine. Chochote ulichotumia, unachotakiwa kuwa nacho ni risiti ya ghala la Dar yenye idadi ya maboksi na tarehe. Kama huna hiyo, mzigo haujafika, haijalishi nani kakwambia nini kwenye simu.

Kama risiti ipo, sababu kubwa ni kwamba kontena la kuchangia halijajaa na mkusanyaji, yule anayejaza kontena moja kwa mizigo ya watu wengi, anasubiri wateja wengine. Hatakwambia hivyo, atakwambia meli imechelewa. Muulize vitu vitatu tu: jina la meli, namba ya safari yake, na bukingi namba, yaani namba ya nafasi aliyoweka melini. Mwenye bukingi anakujibu hapo hapo. Akianza kuzunguka zunguka jua bukingi hakuna, na hapo una haki ya kuuliza siku ya mwisho ya kufunga kontena au kuchukua mzigo wako upeleke kwa mwingine, mradi hujamlipa hela yote. Usilipe yote mapema, jamani. Lipa sehemu, nyingine baada ya kupewa nakala ya bieli, ile hati ya meli inayoonyesha mzigo ni wa nani na unakwenda wapi.

Sababu ya pili ni karatasi za forodha za kutokea. Wakala anatakiwa kuwasilisha tamko TRA, na tamko linahitaji orodha ya vitu, nakala ya pasipoti, na wakati mwingine viza au barua ya kazi au ya chuo kuonyesha kwamba kweli unahama hufanyi biashara. Ukiandika "vitu vya nyumbani" kwa mstari mmoja inarudi. Na hapa vitenge vinaponza watu, hasa wale wa Kibirizi wanaoweka doti arobaini mpya kwenye mzigo wa nyumbani eti atawagawia ndugu. Doti arobaini mpya kwenye plastiki zake ni biashara kwa macho ya forodha yoyote duniani, huku na kule.

DALILI: Trakingi haionyeshi kitu, au inaonyesha mzigo uko nchi ambayo hukuitaja

La pili halina shida. Mizigo mingi ya Dar inashushwa na kupandishwa meli nyingine njiani, Salalah, Jebel Ali, Colombo, inategemea mwenye meli. Na mwishoni mwa 2023, baada ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu, meli nyingi zinazokwenda Ulaya zilianza kupita kusini kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kama yako inapita huko ongeza siku kumi au zaidi kwenye tarehe uliyoambiwa na usigombane na mtu.

La kwanza ndo la kuangalia. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na herufi ya nne kwa makontena haya ni U. Kama umepewa kitu kisichofanana na hicho, hiyo ni namba ya ndani ya mkusanyaji, inafanya kazi kwenye tovuti yake tu, kwa hiyo inaonyesha anachotaka yeye ukione. Omba namba ya kontena na jina la kampuni ya meli, ingia kwenye tovuti ya kampuni ya meli yenyewe uiweke. Ikikataa, subiri siku mbili tatu baada ya tarehe ya meli kuondoka ujaribu tena, ikikataa tena mbane wakala kwa maandishi.

DALILI: Meli imefika, unadaiwa hela ambayo hukuambiwa

Hapa ndo watu wanalia. Kalipa Dar kila kitu, anajua kamaliza, anafika Toronto anapigiwa simu anaambiwa kuna ada ya bandari, ada ya kutenganisha mizigo ya kontena la kuchangia, ada ya hati ya kutolea mzigo, usafiri mpaka ghalani, na kama kachelewa kuna storeji, hela ya mzigo kulala ghalani, juu yake. Wakati mwingine jumla inazidi nauli ya meli aliyolipa Dar.

Chanzo kiko kwenye neno moja la kwoteshini. Kama imeandikwa bandari mpaka bandari basi ulilipia maji tu, nchi kavu ya kule hukulipia. Wapo pia wanaotoa bei ya chini ya ajabu Dar kwa makusudi, af mwenzao wa kule ndo anafidia kupitia ada za kufikia, na mzigo ukishakuwa mikononi mwake huna ujanja. Kwa hiyo bei ikiwa ndogo kuliko za wengine wote, usifurahi, uliza "nani wakala wenu kule, nipe mawasiliano yake na orodha ya ada zake kwa sibiemu zangu". Mwandikie huyo wa kule wewe mwenyewe kabla mzigo haujatoka Kigoma. Barua pepe moja. Akikataa kutoa bei, tafuta mkusanyaji mwingine.

Storeji na demareji, yaani hela ya kontena kukawia bandarini, zina chanzo kingine kabisa, na ni cha kijinga kwa kweli: taarifa ya kufika mzigo ilitumwa kwenye namba ya Tanzania ambayo umeshaitoa kwenye simu. Kwenye bieli, mpokeaji awe wewe kwa jina la pasipoti, na mtu wa kutaarifiwa awe mtu aliye kule tayari, ana simu inayoshika na barua pepe anayoifungua. Kama bado huna namba ya kule weka ya mwenyeji wako.

Na jina, aisee. Khamis na Hamisi, Said na Saidi, Mwajuma na Mwanajuma, kwetu hapa tunajua ni yule yule, bandari ya kule hawajui. Jina la bieli lifanane na pasipoti herufi kwa herufi. Kosa likionekana kwenye rasimu kabla meli haijapakiwa kurekebisha ni rahisi, lakini nchi kama Marekani zinataka taarifa za shehena masaa 24 kabla kontena halijapandishwa melini, na zikishatumwa kila marekebisho ni hela na ni siku. Omba rasimu uisome, usikubali "usijali nitaweka sawa".

Kuna pia kesi ya bieli halisi kubaki kwa kaka yako Dar, we uko Birmingham mzigo umefika na hautolewi bila karatasi ile. Kwa vitu vya nyumbani hakuna sababu ya kuhangaika na bieli za karatasi, hizo ni za wafanyabiashara ambao hawaaminiani. Omba teleksi rilizi au siwebili, zote ni njia za kutolewa mzigo bila bieli halisi ya karatasi, mpokeaji anatambuliwa kwa kitambulisho chake.

DALILI: Forodha ya kule inataka ushuru kwa vitu vyako vya zamani

Nchi nyingi zinasamehe ushuru kwa anayehamia, ila kila moja ina masharti yake, na kukosa sharti moja kunageuza mzigo wako kuwa bidhaa ya kawaida.

Uingereza wanataka uwe umeishi nje ya nchi yao miezi 12 mfululizo, vitu uwe umevimiliki na kuvitumia angalau miezi 6, na uombe msamaha wa uhamisho wa makazi kabla, fomu inaitwa ToR1, wakikubali wanakupa namba ya kumpa wakala. Mzigo ukitangulia namba, utaulipia au utasubiri. Nchi za Umoja wa Ulaya zinafanana na hapo, miezi 12 nje, miezi 6 ya matumizi, na vitu viingie ndani ya miezi 12 tangu uhamie, na usiviuze mapema. Marekani kuna fomu 3299 na vyombo vya nyumbani wanataka viwe vimetumika mwaka mmoja.

Kanada ndo inaponza watu wa kwetu wengi kwa sababu kosa linafanyika uwanja wa ndege. Siku unaingia kwa mara ya kwanza unatakiwa kumkabidhi ofisa orodha ya vitu unavyokuja navyo na orodha ya vitu vinavyofuata nyuma, pamoja na thamani zake, na muundo na siriali namba kwa vile vyenye nazo. Mtu katua kachoka, ana watoto wawili, anaulizwa "kuna vitu vinakuja baadaye?" anajibu hapana ili apite haraka. Miezi miwili baadaye maboksi yanafika na kwenye kumbukumbu hayapo. Andaa orodha hiyo kabla ya kupanda ndege, iwe ya Kiingereza au Kifaransa, nakala mbili, iwe kwenye begi la mkononi.

Kuhusu thamani: usiandike sifuri, na usiandike elfu kumi kwa kila kitu. Orodha hiyo hiyo ndo bima wataisoma. Ukiwaambia forodha TV ni ya dola 20 huwezi kuwaambia bima ilikuwa ya dola 400.

Na wale wanaorudi nyumbani, kwa kifupi, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inasamehe vitu vya nyumbani vilivyotumika kwa anayehamisha makazi, na gari moja kama umelimiliki na kulitumia kule angalau miezi 12. Mzigo uingie ndani ya siku 90 tangu ufike, muda wa zaidi unaombwa kwa Kamishna. Gari ulilolinunua wiki ya kuondoka halimo.

DALILI: Kitanda cha mninga kimezuiliwa

Tabora sikilizeni hapa, na Kigoma pia wenye mkurungu.

Kuna matatizo matatu tofauti na watu wanayachanganya. La kwanza ni la barabarani: mazao ya misitu yanayosafirishwa yanatakiwa kuwa na hati, na kwenye vizuizi vya maliasili dereva ataulizwa. Kitanda chako cha zamani sio gogo, sawa, lakini kwenye lori usiku hakuna wa kubishana naye. Beba risiti ya fundi na pita ofisi ya TFS, wale wakala wa misitu, ya wilaya kabla ya kupakia, waulize wanataka karatasi gani kwa fenicha yako.

La pili ni CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao unaorodhesha viumbe kwa viambatisho. Mpingo na ndugu zake wote wa jamii ya Dalbergia wako Kiambatisho cha Pili tangu Januari 2017, na kwa bidhaa zilizokamilika kuna unafuu wa mpaka kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja. Vinyago viwili vitatu havina neno, kinyago cha kusimama kama mtu kina neno. Mninga na mkurungu ni jamii ya Pterocarpus, na mkutano wa Panama wa Novemba 2022 uliziweka aina zote za Afrika kwenye kiambatisho hicho hicho, ila kinachoguswa ni magogo, mbao zilizopasuliwa, vinia (mbao nyembamba kama karatasi), plaiwudi na mbao zilizorandwa. Fenicha iliyokamilika haimo. Sasa ona mtego: umekifungua kitanda ili kupunguza sibiemu kama nilivyosema, kimekuwa rundo la mbao, na kwenye orodha kijana wa ghalani kaandika "mbao vipande 9". Hapo umejigeuza mfanyabiashara wa mbao. Andika "kitanda kilichotumika, kimefunguliwa, vipande 9", acha bolti zionekane kwenye matundu yake, na ubandike picha ya kitanda kikiwa kimesimama chumbani na godoro juu.

La tatu ni sanduku lenyewe. Mbao za kufungia mzigo unaovuka mipaka zinatakiwa ziwe zimepashwa moto mpaka nyuzi 56 ndani ya kiini kwa dakika 30, na zigongwe muhuri wa alama ya suke la ngano wenye herufi HT. Sanduku la fundi wa Katubuka au Isevya, zuri, imara, lenye mbao bado zina magome, halina muhuri huo. Kule wanaweza kulichoma au kulirudisha kwa gharama yako. Plaiwudi haiguswi na sharti hilo, wala bati haliguswi, na ndo maana mi napendelea tranka la shule, yale ya bati. Linapimika vizuri, linafungwa kufuli, na kila sokoni lipo.

Na ukiona unga unga umemwagika chini ya kitanda, hao ni wadudu wanaotoboa, kiache. Ngoma za ngozi, mikuki yenye manyoya na pembe za aina yoyote viache pia.

Chakula ni kifupi: usiweke. Najua mtu anataka mawese yake, migebuka, dagaa, asali ya Tabora. Boksi moja lenye harufu ya dagaa linafanya kontena zima lifunguliwe, na kama ni la kuchangia umewachelewesha na wenzako, na gharama ya ukaguzi ni yako. Mawese yakivuja je? Hakuna sabuni.

DALILI: Vimefika na ukungu, au vimevunjika

Ukungu unatoka kwenye unyevu uliofungiwa humo, sio lazima kontena liwe limevuja. Kontena linapikwa na jua mchana na kupoa usiku, mvuke unaganda darini na kudondoka. Ukifunga magodoro na nguo kati ya Novemba na Aprili wakati wa mvua zetu, anika juani siku kadhaa kwanza, funga siku kavu, weka nailoni ndani ya boksi na vifuko vya kunyonya unyevu. Salfeti peke yake ni kama chujio. Katoni za biskuti za dukani zimeshachoka kabla hujaanza, nunua mpya zenye kuta mbili, na vitabu weka kwenye katoni ndogo.

Kuvunjika kuna upande wa bima ambao lazima uujue maana unajifungia mwenyewe. Bima nyingi zikiona boksi limefungwa na mwenye mali, zinafidia likipotea lote au meli ikizama, ila sahani zilizovunjika ndani hazifidii. Uliza swali hilo kabla ya kulipa. Vitu viwili vitatu vya thamani waache wafungaji wa kampuni wafunge, vingine funga wewe.

Usije ukaacha bima yote kwa kusema "vyombo vyangu vya kawaida tu". Meli ya Ever Given ilipokwama mfereji wa Suez Machi 2021, mwenye meli alitangaza mchango wa pamoja, maana yake kila mwenye mzigo ndani ya ile meli, hata wa maboksi matano, alitakiwa kuweka dhamana ndo apewe mzigo wake. Mwenye bima aliwaachia bima. Asiye nayo alitoa mfukoni.

DALILI: Vimefika salama, haviwaki

Marekani na Kanada umeme wao ni volti 120 na hezi 60, friji, pasi na brenda zetu za volti 230 hazifanyi kazi huko na transfoma ya kubeba friji ni bei ya friji. Uingereza plagi ni kama zetu hizi za miguu mitatu, hamna shida. Simu na laptopu chaja zake nyingi zinakubali umeme wote, soma maandishi ya chaja.

DALILI: Boksi moja halipo

Hesabu kabla ya kusaini, dereva ana haraka ila mzigo ni wako. Kila boksi liwe na namba pande tatu, "7 kati ya 32", na jina lako, sio karatasi ya kubandika tu bali na maka pen juu ya boksi. Ukikosa moja linganisha risiti ya lori la Kigoma, risiti ya ghala la Dar, na karatasi ya kutoa mzigo kule. Pale idadi inapobadilika ndipo lilipopotelea, na huyo ndo unamdai, usiwadai wote watatu maana watarushiana mpira mpaka uchoke. Mara nyingi liko ghalani kule limechanganyika na mzigo wa mtu mwingine wa kontena lile lile, kwa hiyo picha za maboksi kabla ya kusafiri zinasaidia sana, watume wakalitafute.

Limefika limepasuka? Andika hapo hapo kwenye karatasi ya kupokelea, "boksi 7 limepasuka, boksi 12 limelowa", ndo usaini. Uharibifu ambao hauonekani kwa nje unatakiwa kuutolea taarifa kwa maandishi ndani ya siku 3 tangu upokee, kwa hiyo maboksi yafungue mapema hata kama bado hujapata nyumba ya kudumu, na kesi dhidi ya mwenye meli ina mwisho wa mwaka mmoja. Bima nao wana siku zao, zimeandikwa kwenye mkataba, ukurasa wa masharti ule wa maandishi madogo, na wanataka picha za boksi lenyewe pia, kwa hiyo usilitupe boksi mpaka wakujibu.